Kupanda peoni: mzizi usiotaka kuzikwa

Mimi nimekulia Njombe, kwa watu wa viazi. Kwetu mtoto hufundishwa kupandishia udongo mapema sana: kiazi kikishachomoza unakivutia udongo shinani, wiki chache baadaye unarudia. Usipofanya hivyo viazi vinapigwa jua, vinageuka kijani, na mama anakuuliza ulikuwa unatazama nini. Kwa hiyo nilipohamia Minnesota, nikapata nyumba yenye kiwanja kidogo nyuma, na bibi mmoja jirani akanipa kipande cha mzizi wa peoni, mmea wa maua wa nchi za baridi, ndani ya mfuko wa karatasi, nilifanya nilichofundishwa. Nilichimba shimo la kina cha kiganja kizima, nikautumbukiza, nikafukia. Na kila mwaka majani yalipotoka nikauvutia udongo kwa upendo wote.

Miaka minne. Majani mazuri ajabu, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Ua, hakuna hata moja.

Mwaka wa tano yule bibi alikuja upande wangu wa uzio, akainama taratibu kwa sababu ya magoti, akachomeka kidole cha shahada udongoni kando ya shina. Kidole kikaingia chote, hakikugusa kitu. Akanyanyua uso, akaanza kucheka: mzizi nilikuwa nimeuzika chini mno, hauwezi kuchanua.

Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya wenzangu walioko nchi za theluji, iwe Marekani ya kaskazini, Kanada, Uingereza au Ujerumani, ambao mikono huwawasha wakiona udongo mtupu. Kama uko Dar, Mombasa au Muscat, soma kwa kujifurahisha tu. Peoni haichanui bila baridi ya muda mrefu, na sababu imo humo humo kwenye mzizi.

Ujue mzizi kabla ya kushika jembe

Ukichimbua peoni ya miaka sita mwezi wa Septemba na kuiosha kwa mpira wa maji, kwanza utadhani ni muhogo. Mizizi minene inateremka kutoka sehemu moja, mingine kama kidole gumba, mingine kama kifundo cha mkono wa mtoto, imepindana na kukwepana. Ngozi ni ya kahawia, ndani ni nyeupe kama maziwa. Ukivunja kipande kinalia kama figili, kisha inakuja harufu kali ya duka la dawa. Wala si ajabu: China mzizi huu ukimenywa na kukaushwa huitwa baishao, na umekuwa dawa kwa karne nyingi. Wewe usiutafune, na watoto usiwaache wauchezee.

Sasa tazama juu, pale mizizi yote inapokutana. Hapo pana kitu kama fundo la mti, kigumu, chenye makovu ya mashina ya miaka iliyopita. Wacha nikiite kichwa. Juu ya kichwa ndipo yalipo macho: vichipukizi vya rangi ya waridi au nyekundu, vimechongoka, vikubwa kiasi cha punje ya haragwe. Kila jicho ni shina la mwaka ujao, limeshatengenezwa wakati majani ya mwaka huu bado yako juu.

Na hapa ndipo sisi watu wa viazi tunapopotea. Kiazi kina macho mwilini mwake, ukikikata vipande vinne vyote vinaota. Mzizi mnene wa peoni hauna macho. Ni ghala. Wanga uliotengenezwa na majani kuanzia Mei hadi Septemba umelundikwa humo, na majira yakigeuka ndio unaolisha macho hadi yatoke. Kipande kinono cha mzizi kisicho na kichwa, cha aina hizi za kawaida za bustani, kwa kawaida hukaa udongoni kikiwa hai bila kutoa chochote, hadi kinaoza. Ukiuziwa mzizi mnene usio na jicho, umeuziwa kuni.

Kuna mizizi ya aina ya pili, myembamba kama nyuzi, ambayo ndiyo inayonywa maji na chakula. Hii hukua kwa bidii majira ya majani kupukutika, wakati hewa imeshapoa lakini udongo bado una joto la kiangazi. Ndiyo maana peoni hupandwa Septemba na Oktoba, si Aprili kama nyanya. Ukiupanda mzizi Septemba unapata wiki kadhaa za kujishikiza kabla ardhi haijaganda. Ukiupanda Aprili, macho yanakimbilia juu kutafuta jua kabla ya kupata midomo ya kunywea chini, na mwaka mzima mmea unakula akiba.

Jambo la mwisho ni usingizi. Macho yakishaumbika yanalala, na kinachoyaamsha ni baridi: wiki nyingi za nyuzi 4 za Selsiasi au chini yake. Jicho lisilopata baridi ya kutosha likiamka linatoa majani manyonge, au haliamki. Minnesota baridi si tatizo, ardhi yetu mwezi wa Januari huganda kiasi kwamba sepetu inadunda. Kusini mwa Marekani ndiko watu wanakohangaika, na huko macho hupandwa juu juu zaidi, karibu yachungulie, ili baridi kidogo iliyopo iyafikie.

Aina gani uchukue

Zipo za aina tatu. Ya kwanza ni peoni ya majani, ambayo kila mwaka hufa hadi usawa wa udongo na kurudi. Ndiyo ninayoizungumzia hapa. Ya pili ni peoni ya mti, ile Wachina waiitayo mudan, ambayo mji wa Luoyang huifanyia sherehe kila Aprili. Ina mashina magumu ya mti halisi yanayobaki wakati wa theluji. Ya tatu ni chotara ya hizo mbili, iitwayo Itoh kwa jina la Mjapani Toichi Itoh aliyefanikiwa kuzichanganya mwaka 1948 baada ya majaribio mengi. Alifariki mwaka 1956, kabla miche yake haijachanua.

Kwa anayeanza nashauri Festiva Maxima, nyeupe yenye madoa mekundu katikati kama matone ya wino, iliyotoka Ufaransa mwaka 1851 na bado haijapata wa kuitoa mashindanoni. Duchesse de Nemours ya mwaka 1856 ni nyeupe pia na inanukia zaidi. Watu wengi hukimbilia Sarah Bernhardt ya mwaka 1906, ile ya waridi mnaiona kwenye maharusi. Ni nzuri, sibishi. Lakini ua lake ni zito na shina halina mgongo, na mvua moja tu ya Juni inalilaza matopeni. Ukiipanda, nunua na pete ya waya ya kuishikia.

Hatua ya kwanza: mahali

Peoni ikikubali mahali inaweza kukaa miaka hamsini na zaidi, kwa hiyo usichague kwa haraka. Inataka jua saa sita kwa siku, na hewa inayopita. Ikae mbali na miti mikubwa, kwa sababu mizizi ya mti haishindwi kitu. Itaingia hadi ndani ya shimo lako la mboji na kula kabla peoni haijanawa mikono. Acha mita moja kati ya shina na shina.

Usipande palipokuwa na peoni nyingine ya zamani. Vipande vya mizizi vilivyobaki huoza, ukungu unakuwa umeshazoea hapo, na mgeni anaanza maisha akiwa mgonjwa. Kama huna pengine, ondoa udongo wa shimo lote na ulete mwingine.

Walioko Marekani: kabla ya kuchimba, pigeni namba 811 siku chache kabla. Ni bure. Watakuja kuweka alama za nyaya na mabomba ya gesi yaliyopita chini.

Hatua ya pili: kuujua udongo wako

Mzizi wa peoni unastahimili njaa, baridi na kusahauliwa. Kinachouua ni maji yaliyotuama. Kile ghala chake cha wanga kikikaa kwenye tope, hasa tope la baridi la Machi theluji ikiyeyuka, kinalainika na kunuka kama muhogo uliovundikwa, na hapo hakuna dawa.

Jaribu hivi. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yaache yaishe. Lijaze tena. Yakiisha ndani ya saa chache, panda bila wasiwasi. Ukiamka asubuhi bado maji yapo, ama tafuta pengine ama nyanyua tuta la sentimita 20 hadi 30 na upande juu yake.

Chukua pia konzi ya udongo wenye unyevu uusokote kati ya viganja. Ukivunjika vunjika, ni kichanga: peoni itaota lakini itabidi uongeze mboji na kumwagilia mara nyingi zaidi. Ukifanya kamba ndefu ambayo hata pete unaweza kuitengeneza, ni mfinyanzi, kama wangu. Wengi hudhani mfinyanzi haufai, kumbe peoni inaupenda, mradi maji yapite. Una chakula kingi na haukauki upesi.

Kosa la watu wa mfinyanzi ni jingine. Wanachimba shimo, wanatupa mfinyanzi wote, wanajaza mboji tupu laini. Wametengeneza bakuli. Mvua ikinyesha maji yanaingia kwenye mboji kwa urahisi, yanafika kwenye kuta za mfinyanzi, yanakwama, na mzizi unaogelea. Afadhali uchanganye: udongo uleule uliouchimba sehemu tatu, mboji iliyoiva sehemu moja, na ufanye hivyo kwa eneo pana, upana wa sentimita 60 na kina cha 45 hivi, ili mizizi isikutane na ukuta ghafla. Samadi mbichi isikaribie mzizi kabisa, inauchoma na kualika ukungu. Kama udongo wako una tindikali nyingi ongeza chokaa kidogo. Peoni inapenda kipimo cha pH kati ya 6.5 na 7.

Hatua ya tatu: kununua mzizi

Nunua mzizi mtupu usio na udongo, unaotumwa Septemba au Oktoba, wenye macho matatu hadi matano. Yenye jicho moja ni rahisi kwa bei, lakini utasubiri miaka. Ukifika, ubonyeze wote: unatakiwa uwe mgumu kama karoti. Palipo laini kata mpaka ufikie peupe. Ukiwa umesinyaa, uloweke kwenye ndoo ya maji saa chache.

Ya kwenye ndoo za plastiki, zinazouzwa Mei zikiwa zimechanua, zinafaa pia, ila ni ghali, na mara nyingi ukiitoa kwenye ndoo unakuta mzizi mdogo kuliko ua lenyewe. Nikizikuta zimeshushwa bei Septemba nazinunua, nazitoa udongo wote na kuzipanda kama mizizi mitupu.

Hatua ya nne: kupanda

Hii ndiyo hatua iliyonigharimu miaka minne, kwa hiyo nivumilieni nikienda polepole.

Chimba shimo siku kadhaa kabla. Rudisha mchanganyiko wako, ukanyage kwa kisigino, umwagilie, uuache ushuke. Udongo uliotibuliwa hushuka, na kila unachokiweka juu yake hushuka nao. Ukiupanda mzizi kwenye udongo laini kwa kipimo sahihi leo, Novemba utakuwa umezama sentimita tano bila wewe kugusa kitu.

Katikati ya shimo tengeneza kichuguu cha udongo. Kalisha mzizi juu yake, macho yakiangalia juu, mizizi minene ikiteremka pembeni kama miguu ya mtu aliyepanda punda. Mzizi ukiwa umepinda kiasi cha kutokukaa wima, ulaze. Hauna ubaya, mradi macho yasiangalie chini.

Sasa laza fito au mpini wa jembe juu ya shimo, kutoka ukingo hadi ukingo. Huo ndio usawa wa udongo utakapomaliza. Pima kutoka kwenye fito hadi ncha ya jicho. Inatakiwa iwe sentimita 2.5 hadi 5, yaani upana wa vidole viwili, visizidi vitatu. Kwenye nchi za baridi hafifu, kidole kimoja kinatosha. Ikizidi hapo nyanyua mzizi, ongeza udongo chini, pima tena. Mimi siku hizi napima mara tatu, na mke wangu husema ningekuwa makini hivyo kwenye kupima chumvi tungekula vizuri.

Fukia kwa mkono, ukisukumia udongo kati ya mizizi ili pasibaki uwazi. Usikanyage juu ya macho, yanavunjika kirahisi. Mwagilia ndoo nzima, subiri, tazama kama pameshuka, pima tena kwa kidole.

Peoni ya mti ina sheria kinyume, na ukichanganya utaiua. Hiyo mara nyingi huunganishwa juu ya mzizi wa peoni ya majani, na pale ilipounganishwa panatakiwa pawe chini ya udongo sentimita 10 hadi 15, ili sehemu ya juu ijiotee mizizi yake yenyewe na iachane na ule wa kuazima. Nina rafiki aliyesoma kanuni ya vidole viwili akaitumia kwenye mudan ya pesa nyingi. Ule mzizi wa kuazima ukachipua wenyewe, na yeye akawa anashangilia majani ambayo si ya mmea alioununua.

Hatua ya tano: baridi ya kwanza

Mzizi mpya hauna nanga. Ardhi ikiganda na kuyeyuka, kuganda na kuyeyuka, inausukuma juu kidogo kidogo, na Machi unaukuta umelala juu ya udongo kama uliosahauliwa na wapandaji. Kwa mwaka wa kwanza tu, ardhi ikishaganda, tandaza majani makavu au nyasi kavu kiasi cha sentimita 8 hadi 10. Kazi yake ni kuzuia udongo usiyeyuke ovyo ovyo, siyo kuupa mzizi joto.

Machi au Aprili, ukiona ncha nyekundu, yaondoe yote. Matandazo yakibaki yanaoza na kugeuka udongo, na udongo huo unauzamisha mzizi. Ni kupandishia kwa mlango wa nyuma.

Hatua ya sita: kusubiri

Mwaka wa kwanza utaona mashina mawili matatu, mafupi, labda bila tumba. Tumba likitokea likate. Najua inauma. Ua moja linakula akiba ambayo mzizi unaihitaji kujenga ghala. Mwaka wa pili utapata ua moja au mawili, na kuanzia wa tatu au wa nne ndipo utaelewa watu wanazungumzia nini.

Siku moja mama alinipigia simu akaniuliza kile kiazi changu kinaendeleaje. Nikamwambia hakijatoa ua.

"Hakiliwi?"

"Hakiliwi, mama."

"Na ua hakitoi."

"Bado."

"Mwanangu, huko hamna mahindi?"

Baadaye maua yalipokuja nilimtumia picha, naye akataka nimletee mzizi nikienda likizo. Nilimkatalia, na nawaambia na ninyi: mzizi hauvuki mpaka bila cheti cha afya ya mmea na kibali cha nchi unakokwenda. Ukiubeba kwenye begi na soksi, ukikamatwa utanyang'anywa, na usipokamatwa ni vibaya zaidi, maana unaweza kuwapelekea wakulima wa nyumbani ugonjwa wasioujua.

Kwa mbolea, punguza mkono. Naitrojeni ikizidi unapata majani na mashina mateketeke yanayoanguka. Mboji konzi mbili tatu Aprili, ukiizungusha pembeni, umbali wa kiganja kutoka kwenye mashina, inatosha. Maji: kama hainyeshi, mpe ya kulowesha mara moja kwa wiki, hasa Julai na Agosti. Watu huisahau peoni baada ya maua kuisha, na hapo ndipo macho ya mwakani yanapoumbwa.

Na kila Aprili fanya kile alichofanya bibi jirani. Chomeka kidole kando ya shina. Ukigusa kichwa kabla ya kiungo cha pili cha kidole, uko salama. Kidole kikipotea chote, kwangua udongo wa juu taratibu kwa mkono. Ikiwa hata hivyo ni kirefu, usiguse sasa. Subiri Septemba, uchimbue na upandishe. Ndivyo nilivyofanya na wangu, na Juni ya pili baada ya hapo nilihesabu maua kumi na moja.

Hatua ya saba: kugawanya shina

Peoni haikulazimishi kuigawanya. Igawanye ukitaka kuongeza mashina, ukihama, au ikiwa maua yamepungua bila sababu nyingine. Ni kazi ya Septemba.

Kata mashina yote yabaki sentimita 10 hivi, yatakuwa mpini na alama. Chimba duara, sentimita 30 kutoka kwenye mashina, kisha ingiza uma wa bustani chini na unyanyue kidogo upande huu, kidogo upande ule. Utasikia mlio wa kuvunjika. Usishtuke: mizizi ya mbali huvunjika kila mara na mmea haufi kwa hilo. Ila usivute kwa mashina, utang'oa macho.

Ukishautoa uweke kivulini saa mbili tatu. Mzizi uliotoka udongoni sasa hivi umejaa maji na ni mwepesi kuvunjika kama chaki, ukiugusa vibaya unakatika. Ukinyong'onyea kidogo unapinda bila kuvunjika. Kisha uoshe hadi uone macho yote.

Mwaka nilioligawanya shina langu la kwanza nilikaa nalo kwenye kibaraza nusu saa nikiligeuza geuza. Katikati palikuwa peusi, pamekuwa pango. Ndicho kile kipande cha kwanza nilichopewa kwenye mfuko wa karatasi, kimezeeka na kuoza huku watoto wake wakiendelea pembeni. Nilikikata chote kwa msumeno mdogo mpaka nikaona weupe. Baada ya hapo vipande viliachana karibu vyenyewe. Tafuta mahali kichwa kinapobana kama kiuno, kata hapo kwa kisu kizito kilichofutwa kwa spiriti, na uhakikishe kila kipande kina macho matatu hadi matano na mizizi minene kadhaa ya kuyalisha. Mizizi mirefu ipunguze ibaki sentimita 15. Inaonekana kama ukatili, lakini pale palipokatwa ndipo nyuzi mpya zinapotokea.

Nilipata vipande vitano. Viwili nilivigawa kwa wenzangu wa kwaya. Kimoja kilikuwa na jicho moja tu, nikakipanda kando ya ukuta peke yake kama mgonjwa wa wodini.

Kuotesha kwa mbegu inawezekana, ukiwa na subira ya ajabu. Mbegu inataka kwanza joto na unyevu, hapo inatoa mzizi tu, halafu inakaa hivyo bila jani hadi ipitiwe na baridi, ndipo jani linatoka majira yanayofuata. Na ua utakalopata baada ya miaka mitatu hadi mitano halitafanana na la mama yake.

Wapangaji, nyumba si yenu, najua. Usipande kwenye ndoo ukidhani utahama nayo. Mizizi inataka kina, na ndoo inaganda hadi katikati. Pandeni ardhini, mkubaliane na mwenye nyumba mapema, kwa maandishi ikibidi, kwamba mtachimbua mkihama. Mkihama Juni, ng'oeni na donge kubwa la udongo na mwaka huo msitegemee ua.

Magonjwa, kwa ufupi

Machipukizi yakigeuka meusi na kulala, au tumba likikauka likiwa dogo kama njegere, mara nyingi ni ukungu wa botraitisi, unaopenda majira ya mvua na hewa iliyotuama. Kata sehemu hiyo mpaka kwenye uzima, itie kwenye mfuko wa taka. Oktoba kata mashina yote hadi karibu na udongo, nayo usiyatie kwenye mboji. Nusu ya ugonjwa wa mwakani inakuwa imeondoka.

Mizizi yenye vinundu vinundu ni dalili ya minyoo fundo, inayosumbua zaidi kwenye udongo wa kichanga wa nchi zenye joto. Mzizi wa hivyo usipande wala usimpe mtu.

Sisimizi wanaozunguka juu ya matumba waache. Wanafuata utomvu mtamu unaotoka kwenye vifuniko vya kijani vya tumba. Kuna wanaosema bila sisimizi ua halifunguki, si kweli, linafunguka tu.

Kukata maua

Hapa Marekani peoni ni ua la makaburini tangu zamani, linapelekwa siku ya kuwakumbuka mashujaa Jumatatu ya mwisho ya Mei. Minnesota mara nyingi linachelewa, linakuja Juni.

Kata asubuhi, tumba likiwa limeshaonyesha rangi na ukilibonya kwa vidole linabonyea kama andazi la moto. Likiwa gumu kama gololi halitafunguka ndani. Kwenye kila shina acha angalau majani mawili, na usikate zaidi ya nusu ya maua ya mmea mmoja, maana majani ndiyo yanayojaza ghala. Ukitaka yakae hadi sherehe fulani, yafunge kwa gazeti bila maji, uyatie mfuko wa plastiki na kuyalaza kwenye friji, mbali na matofaa, yatafika wiki mbili hadi tatu. Siku yenyewe kata ncha upya, yatie maji ya uvuguvugu.

Kabla ya kuingia nayo ndani yakung'ute mlangoni, kichwa chini. Sisimizi wawili watatu huwa wamebaki kati ya petali, na nyumbani kwangu wamewahi kuonekana kwenye kitambaa cha meza siku ya wageni.